Wapiga mbizi waja, ni nani wa kuyalinda matumbawe ya Mkondo wa Pemba?

MGENI anayepanga likizo ya kupiga mbizi huanza na maswali yaleyale, awe anatoka Nairobi, Johannesburg au Milan. Maji ni maangavu kiasi gani? Hoteli ni bei gani? Je, kuna miamba na mapango ya kutosha kumshughulisha kwa siku kumi? Ni maswali ya haki kwa mtu anayetumia akiba ya mwaka mzima. Hata hivyo, kwa anayekusudia kuja Pemba, Tanga, Mafia au Shimoni, maswali hayo hayatoshi tena. Bahari anayoiendea inazidi kupata joto, meli za mafuta zinaandaliwa njia ya kupita ndani yake, na wavuvi wanaoishi kandokando yake wameombwa kuipumzisha kwa gharama ambayo haimo katika vipeperushi vya utalii.

Upekee wa ukanda huu ulielezwa vizuri mwaka 2020 na mtafiti Tim McClanahan, ambaye ameichunguza miamba ya Afrika Mashariki kwa miongo kadhaa. Kwa maelezo yake, sehemu ya pwani yenye urefu wa takriban kilomita 400, kuanzia Shimoni kusini mwa Kenya hadi Dar es Salaam, ni kimbilio la matumbawe katika upande huu wa Bahari ya Hindi. Sababu aliyoitaja ni mifereji yenye kina kirefu iliyochongwa maelfu ya miaka iliyopita na maji yaliyoteremka kutoka Kilimanjaro na milima ya Usambara. Katika mifereji hiyo maji ya baridi ya kilindini yanaendelea kuifikia miamba wakati bahari ya kando inapochemka.

Uzito wa habari hiyo huonekana mtu akikumbuka yaliyotokea kwingine. Tumbawe ni mnyama mdogo anayeishi kwa ushirika na mwani usioonekana kwa macho. Mwani huo humpa chakula na rangi. Maji yakizidi joto la kawaida la kiangazi kwa nyuzi moja tu, na hali hiyo ikidumu wiki kadhaa, tumbawe humfukuza mwenzake na kubaki jeupe kama mfupa. Baridi ikirejea mapema, hupona. Ikichelewa, hufa, na mwamba hufunikwa na majani ya baharini yasiyo na faida kubwa kwa samaki wala kwa mgeni.

Mwaka 1998, mwaka wa El Niño, dunia ilikadiriwa kupoteza asilimia 16 ya miamba yake ya matumbawe, na Bahari ya Hindi ya magharibi ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizopigwa vibaya kabisa. Balaa hilo lilirudi mwaka 2016. Kisha Aprili 2024 wataalamu wa Marekani na wenzao wa kimataifa walitangaza kuwa dunia imo katika kupauka kwa nne kwa matumbawe, na Kenya na Tanzania zilitajwa kwa majina katika orodha ya nchi zilizoathirika. Kufikia Aprili 2025, asilimia 84 ya eneo lote la miamba ya matumbawe duniani ilikuwa imekumbwa na joto la kiwango hicho tangu Januari 2023.

Kimbilio, basi, si kinga. Ni nafasi ya kupumua tu, na thamani yake hutegemea kama yasiyo ya joto yataachwa yaimalize miamba hiyo.

Hapo ndipo kalenda ya mpiga mbizi inapoingia. (Katika vijiwe vya Dar es Salaam neno "mzamiaji" lina maana nyingine kabisa, ya kijana aliyejificha ndani ya meli kwenda ng'ambo, kwa hiyo "mpiga mbizi" ni jina salama zaidi.) Wageni wengi huambiwa kwamba msimu mzuri ni Oktoba hadi Machi, na ni kweli. Kusi, upepo unaovuma kuanzia karibu Mei hadi Septemba, huchafua bahari upande wa mashariki wa visiwa na kuwalazimisha wenye mashua kujikinga upande wa magharibi. Masika hushusha tope la mito, na kwa Mafia, inayotazamana na mlango wa Mto Rufiji, tope hilo si jambo dogo. Tangambili ya Oktoba na Novemba, na miezi ya mwisho ya kaskazi, Februari na Machi, ndizo nyakati ambazo bahari hutulia na jicho huona mbali.

Lakini Februari na Machi ndiyo miezi ambayo maji huwa ya moto kuliko yote. Utulivu anaoufurahia mgeni ndio huohuo unaoliacha jua lipenye na kuyachemsha maji ya juu. Katika mwaka wa joto kali, mgeni wa Machi anaweza kushuka kwenye mwamba ulioanza kupauka bila kuambiwa neno na mtu, na pengine kuusifia kwa weupe wake. Anayetaka kuona uhai zaidi ya uangavu angefanya vyema kuitazama Novemba. Kwa Mafia kuna sababu ya ziada: kuanzia Oktoba hadi Februari papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, huonekana karibu na Kilindoni akila vijidudu vya juu ya maji. Kumwona hakuhitaji hata mtungi.

Kuna kalenda nyingine ambayo mvuvi yeyote wa Pemba angemweleza mgeni bure, nayo ni ya mwezi. Siku za bamvua, mwezi mchanga na mwezi mpevu, maji hujaa na kupwa kwa nguvu, na katika milango ya miamba mkondo unaweza kumchukua mtu hata akiwa na mapezi miguuni. Siku za maji mafu bahari hulegea. Kuta za miamba za Pemba, zinazoteremka wima kuelekea kilindi cha mamia ya mita, zinajulikana kwa mikondo yake, na si mahali pa mtu aliyepata cheti wiki iliyopita. Safari iliyonunuliwa kwa kufuata tarehe za likizo ya ofisi, bila kuutazama mwezi, mara nyingi humpeleka mwanafunzi mahali panapomhitaji fundi.

Kuhusu mapango, maneno ya biashara huwa matamu kuliko ukweli. Pwani yote ya Waswahili imekaa juu ya matumbawe ya kale. Jiwe hilo ni chokaa, na chokaa huyeyushwa na maji ya mvua. Zama za barafu, usawa wa bahari ulipokuwa chini kwa zaidi ya mita 100, maji hayo yalitoboa mapango ambayo baadaye yalizama bahari iliporudi. Nchini Mexico, katika rasi ya Yucatán, kazi hiyo ya maji imefikia upeo wake: mwaka 2018 wapiga mbizi walithibitisha kwamba mapango mawili makubwa yaliyozama yameungana na kuwa mtandao mmoja wa kilomita 347. Belize nayo ina shimo la mviringo lenye upana wa takriban mita 300 na kina cha zaidi ya mita 120, linalovuta wageni kutoka pembe zote za dunia.

Afrika Mashariki haina kitu cha ukubwa huo kinachotembelewa, wala haihitaji kujidai kuwa nacho. Ilicho nacho ni mianya, vibanda vya mwamba na mapango mafupi ambayo mwanga wa jua hauyaachi. Watamu, kaskazini mwa Mombasa, kwenye mlango wa hori ya Mida, yamo mapango yanayojulikana kwa chewa wakubwa mno, ambao wenyeji huwaita tewa. Pemba ina nyufa na paa za mwamba zenye matumbawe laini yanayoning'inia. Hayo yanamtosha mgeni wa kawaida, na ni heri yamtoshe. Mtu anayekaa mdomoni mwa pango huku akiona mwanga nyuma yake hawezi kulinganishwa na mtu aliyepita kona na kuuacha mwanga. Huyo wa pili hawezi kupanda juu hewa ikipungua, kwa sababu juu yake kuna jiwe. Akiguswa udongo wa sakafuni kwa pezi, maji hugeuka uji na hata mkono wake haoni.

Ndiyo maana wapiga mbizi wa mapangoni hufuata kanuni ya theluthi: theluthi moja ya hewa ya kuingilia, theluthi ya kutokea, na theluthi ya akiba isiyoguswa ila kwa dharura. Huvuta kamba kutoka nje hadi ndani ili waifuate wakirudi. Hata hivyo bado hufa. Saman Kunan, aliyekuwa mwanamaji wa kikosi maalumu cha Thailand, alifariki Julai 2018 akipeleka mitungi katika pango la Tham Luang, wakati wa kuwaokoa watoto wa timu ya mpira waliokwama humo. Kituo chochote kinachomwahidi mgeni mwenye cheti cha mwanzo, ambacho humruhusu mita 18 tu, kwamba kitamwingiza "ndani kabisa" ya pango, kimejieleza chenyewe.

Pango lenye habari kubwa kuliko yote katika mkondo huu halitembelewi na mtalii. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000 wavuvi wa Tanga waliotega jarife kwenye maji marefu walianza kupandisha samaki mzito, mwenye mapezi yaliyokaa kama viungo vya mnyama wa nchi kavu. Alikuwa silikanti, ambaye sayansi iliamini ametoweka pamoja na madinosaria hadi alipopatikana mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Silikanti hushinda mchana ndani ya mapango yenye kina cha mita 100 na zaidi, na usiku hutoka kuwinda. Kikomo cha kupiga mbizi kwa burudani ni mita 40, kwa hiyo hakuna mgeni atakayemwona. Pamoja na hayo, kwa ajili yake Tanzania ilitangaza Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga mwaka 2009.

Jambo ambalo wapanga safari wengi hulikosea halipo chini ya maji bali juu ya nchi. Mpiga mbizi anapovuta hewa chini ya shinikizo la maji, naitrojeni huyeyuka katika damu yake. Akipanda haraka, au akienda mahali penye shinikizo dogo kabla gesi hiyo haijatoka, hutoa mapovu mwilini kama chupa ya soda iliyofunguliwa kwa pupa. Matokeo yake ni maumivu ya viungo, ganzi, kupooza, na mara nyingine kifo. Ushauri unaokubalika ni kukaa angalau saa 12 kabla ya kupanda ndege baada ya kupiga mbizi mara moja, na saa 18 baada ya kupiga mbizi mara kadhaa. Wengi huongeza ziwe 24 kwa usalama.

Sasa tazama mpango wa kawaida wa watalii wa Afrika Mashariki: siku chache baharini, kisha mbugani au mlimani. Ukingo wa Ngorongoro uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Kilimanjaro kiko mita 5,895. Nairobi yenyewe iko karibu mita 1,700, na tangu mwaka 2017 garimoshi la kisasa humtoa mtu Mombasa na kumfikisha huko kwa saa chache tu. Anayepiga mbizi Diani asubuhi na kupanda garimoshi la alasiri atakuwa amepandisha mwili wake bila kukanyaga uwanja wa ndege. Dawa ni nyepesi: mlima kwanza, bahari baadaye, na siku ya mwisho iwe ya mchanga na kitabu. Inashangaza ni kampuni ngapi bado huuza safari hizo kinyumenyume.

Mgonjwa wa mapovu hutibiwa katika chemba ya shinikizo. Chemba hizo ni chache mno katika pwani nzima, na kuifikia kutoka Pemba ya kaskazini au Mafia usiku ni shughuli ya mashua, ndege ndogo na fedha nyingi. Mgeni mwenye akili huuliza kabla ya kulipa: chemba iliyo karibu iko wapi, inafanya kazi sasa hivi, na bima yake italipia usafiri? Kituo kisicho na jibu la haraka kwa maswali hayo hakistahili fedha zake, hata kama bei yake ni nusu ya jirani.

Lakini mgeni huyo, pamoja na hofu zake, ni mtu mwenye bahati. Katika maji hayohayo kuna wapiga mbizi wengine ambao hawana bima, hawana saa ya kupimia kina, na mara nyingine hawana hata cheti. Hao ni wanaotafuta majongoo bahari, bidhaa yenye soko nono katika nchi za Asia. Majongoo ya maji mafupi yalikwisha kuokotwa, basi vijana hushuka kina kirefu zaidi, mara nyingi kwa siku, na mitungi ya kukodi. Tanzania Bara ilipiga marufuku uvunaji huo mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kwa miaka mingi kanuni zake za uvuvi zimeiweka mitungi ya gesi katika orodha ya zana haramu. Marufuku hiyo ina sababu njema ya kulinda samaki. Lakini pia imeufanya mtungi uleule kuwa burudani mgongoni mwa mgeni na kosa mgongoni mwa mwenyeji, na kijana aliyepooza baada ya kupanda haraka huona tabu hata kumweleza mganga alikuwa akifanya nini.

Tofauti hiyo haiwezi kufutwa kwa hotuba za uhifadhi. Ndiyo inayofanya swali la ada kuwa swali la siasa.

Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, yenye kilomita za mraba 822, ilianzishwa mwaka 1995 ikiwa ya kwanza Tanzania. Haikuwa bahari tupu. Vijiji vimo ndani yake, na watu waliokuwa wakivua, wakikata boriti za mikoko na kuchimba matumbawe ya kuchomea chokaa walijikuta wanaishi ndani ya kanda zenye masharti. Ada anayolipa kila mgeni kwa kila siku ilikusudiwa kugharimia ulinzi, na sehemu yake kurudi vijijini. Uhusiano wa hifadhi na vijiji hivyo umepanda na kushuka kulingana na jinsi fedha hizo zilivyoonekana: zahanati, darasa na kisima vimefanya kazi ya uhifadhi kuliko boti ya doria.

Doria nayo ilihitajika. Uchunguzi wa kusikiliza sauti chini ya maji uliofanywa mwaka 2015 katika pwani ya Tanzania ulinasa milipuko ya baruti zaidi ya 300 katika muda wa wiki chache, na zaidi ya nusu ilikuwa karibu na Dar es Salaam. Mlipuko mmoja huvunja kwa sekunde kile ambacho matumbawe yalijenga kwa miaka mingi. Msako mkali wa miaka iliyofuata ulipunguza mno uharamia huo, jambo ambalo Serikali inastahili kusifiwa kwalo. Wavuvi wa nyavu na mishipi, waliokuwa wakipoteza samaki kwa sababu ya wachache, walikuwa wa kwanza kushukuru.

Mfano unaofundisha zaidi hautoki serikalini. Kisiwa Panza, kusini mwa Pemba, wanakijiji walikubaliana kuifunga sehemu ya mwamba wao kwa miezi kadhaa ili pweza wakue. Pweza huishi takriban mwaka mmoja tu na hukua haraka, hivyo mwenye kusubiri kidogo huvuna mara dufu kwa uzito. Mtindo huo ulianzia Andavadoaka, Madagascar, mwaka 2004, na umefika Mafia pia. Wanaoumia kwa kufungwa mwamba ni akina mama wanaookota pweza kwa miguu maji yakipwa, kwa kuwa hawana mashua ya kwenda kwingine. Penye kamati iliyowashirikisha, ufungaji ulidumu. Pasipo nayo, watu waliingia usiku. Huko Kuruwitu, Kilifi, wavuvi walifunga kipande cha bahari yao tangu miaka ya 2000, na samaki waliorudi humo sasa hutazamwa na wageni kwa malipo.

Chumbe, karibu na mji wa Unguja, imekwenda mbali zaidi. Mwamba wake ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1994, wavuvi wa zamani wakafunzwa kuwa walinzi, na wageni wanaolala ni wachache wa kuhesabika. Humo mtalii haruhusiwi kupiga mbizi kwa mtungi: huelea juu na miwani yake. Pamoja na masharti hayo kisiwa hicho kimepata wageni kwa zaidi ya robo karne. Ukilinganisha na Mnemba, ambako siku ya msimu mashua hupangana juu ya mwamba na pomboo hukimbizwa kama kuku, ni vigumu kutoona upande upi unauza mali na upande upi unaila.

Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 700,000 mwaka 2024. Hata sehemu ndogo ya idadi hiyo ikishuka majini bila maboya ya kufungia mashua, nanga peke yake zitamaliza kazi ambayo baruti iliianza. Boya moja halina gharama ya kumtisha mwenye hoteli. Kinachokosekana ni amri ya kulazimisha.

Hayo yote bado ni mambo yanayoweza kurekebishwa na kijiji, wilaya au mwenye hoteli. Jambo linalofuata limewapita kimo. Bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki, lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima nchini Uganda, limekusudiwa kuishia Chongoleani, kaskazini kidogo ya mji wa Tanga. Uamuzi wa mwisho wa uwekezaji ulifikiwa Februari 2022. Kampuni ya TotalEnergies ina asilimia 62 ya hisa, mashirika ya serikali za Uganda na Tanzania yana asilimia 15 kila moja, na CNOOC ya China asilimia 8. Likifikia upeo wake, bomba litaweza kusukuma mapipa 246,000 kwa siku, na kila pipa litaondoka kwa meli, kupitia maji yaleyale ambayo utafiti wa mwaka 2020 uliyaita kimbilio.

Watetezi wa mradi wana hoja zisizopuuzwa. Tanga iliyokuwa ikiishi kwa mkonge imekaa miaka mingi ikingojea kazi, na hakuna anayeweza kumwambia kijana wa Chongoleani asubiri mpiga mbizi kutoka Ulaya. Wala si kila meli humwaga. Lakini bahari hii ina kumbukumbu ya karibu. Julai 2020 meli Wakashio, ambayo haikuwa hata meli ya kubeba mafuta, ilipanda mwamba kusini mashariki mwa Mauritius, na takriban tani 1,000 za mafuta ya injini yake zilimwagika. Wananchi walijaza magunia kwa majani ya miwa kuyazuia mafuta hayo, kwa sababu vifaa vilikuwa mbali.

Mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki, katika latitudo hizi, huelekea kaskazini. Mafuta yakimwagika Tanga hayatabaki Tanga. Yatakuta mikoko ya mpakani, kisha Vanga, kisha Shimoni na Wasini, ambako akina mama wa kisiwa wamejenga njia ya mbao katikati ya matumbawe ya kale na mikoko na kuwatoza wageni ada ndogo. Hifadhi ya Kisite, ambayo Kenya imeilinda tangu miaka ya 1970, iko chini ya kilomita 70 kutoka gati ya Chongoleani. Kenya haina hisa katika bomba hilo, ila ina sehemu katika hatari yake.

Mipango ya kukabili umwagikaji iliyokaa kwenye makabati ya Dar es Salaam na Mombasa haitoshi kwa jambo la namna hii. Maboya ya kuzuia mafuta, boti za kuyatandaza na watu waliofanya mazoezi vinatakiwa viwe Tanga, Wete na Shimoni kabla ya meli ya kwanza kujazwa, na wenye vituo vya kupiga mbizi, wanaoijua miamba kwa majina, wangefaa kuwa katika orodha ya wanaoitwa kwanza.

Wazo la kuwa na eneo moja la hifadhi linalovuka mpaka wa Kenya na Tanzania limejadiliwa kwa miaka kadhaa chini ya Mkataba wa Nairobi wa kulinda bahari, uliotiwa saini mwaka 1985. Kwa mpangilio uliopo, Kisite iko chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya, mapango ya silikanti yako chini ya kitengo cha hifadhi za bahari cha Tanzania Bara, na upande wa magharibi wa Pemba, uliotangazwa eneo la hifadhi mwaka 2005, uko chini ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Ni mamlaka tatu juu ya maji ambayo mwenye mashua ya kasi huyavuka kwa asubuhi moja.